Mbebaji, Mrithi na Mwenye Kinga: Istilahi za Selimundu Zikipimwa kwa Utafiti wa Anthony Allison

Istilahi hupimwa kwa mizani nyingi. Wapo wanaoitazama sura yake, kama imejengwa kwa mujibu wa sarufi ya Kiswahili; wapo wanaoitazama asili yake, kama imetokana na lugha za Kibantu, Kiarabu au Kiingereza; na wapo wanaouliza tu kama itatamkika bila taabu. Mizani zote hizo zina haki yake. Lakini ipo moja ambayo aghalabu husahauliwa, nayo ni ile ya maarifa yenyewe. Je, neno tulilolisanifu linamfikisha msikilizaji kwenye jambo lile lile aliloligundua mtaalamu, au linamwacha njiani, au pengine linampeleka kinyume chake?

Katika makala haya tunakusudia kuzitia katika mizani hiyo istilahi chache za elimu ya urithi zinazohusu ugonjwa wa selimundu. Kipimo chetu kitakuwa kazi ya mtaalamu mmoja wa elimu hiyo, Anthony Allison, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2014. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ugunduzi wake mkubwa ulipatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki, katika damu ya watu wa pwani yetu na wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Pili, ugunduzi huo ulikuwa wa jambo lenye nyuso mbili, ilhali istilahi nyingi tunazozitumia zinaonyesha uso mmoja tu.

Lililotusukuma kuandika

Si muda mrefu uliopita nilikwenda katika kliniki moja ya watoto kwa ajili ya kusikiliza na kuandika maneno yanayotumika huko. Muuguzi alikuwa akiwaeleza mume na mke majibu ya damu ya mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu. Akasema kwa upole, na kwa Kiswahili kisichokuwa na kasoro: “Mtoto ana selimundu. Na ninyi wazazi, baba na mama, wote wawili ni wabebaji wa ugonjwa.” Baba akajibu upesi, “Kwetu hakuna ugonjwa huo.” Mama hakubisha, aliuliza tu, “Sasa nesi, nimwachishe ziwa nisizidi kumwambukiza?”

Muuguzi alieleza tena na tena, na mwishowe nadhani mama alielewa kwamba selimundu haiambukizi. Sina hakika kama baba alielewa. Lakini nilipokuwa nikirudi ofisini nilijiuliza kosa lilikuwa la nani. Halikuwa la muuguzi, maana alitumia neno alilopewa. Halikuwa la mama, maana alilielewa neno hilo kama Mswahili yeyote anavyolielewa. Kosa lilikuwa katika istilahi, na kwa hiyo sehemu yake ni yetu sisi tunaosanifu.

Ugunduzi wenyewe

Allison alizaliwa Afrika Kusini, lakini alikulia Kenya, katika nyanda za Bonde la Ufa karibu na Gilgil. Alisoma Johannesburg, kisha akaenda Oxford, Uingereza, kusomea udaktari. Mwaka 1949 alirudi Kenya pamoja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja kuchunguza Mlima Kenya. Wenzake walishughulika na mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kuelezwa kitaalamu tangu mwaka 1910, pale James Herrick wa Chicago alipoandika juu ya mgonjwa ambaye chembe nyekundu za damu yake zilikuwa zimepinda. Na mwaka huo huo wa 1949 yalitokea mambo mawili makubwa nje ya Afrika ya Mashariki. James Neel alionyesha kwamba mgonjwa ni yule aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwamba aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui. Naye Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa si sawa na himoglobini ya kawaida, na kwamba yule aliyerithi upande mmoja anazo zote mbili ndani ya damu yake.

Allison yeye aliona jambo la tatu. Katika damu alizozipima, watu wenye jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja walikuwa zaidi ya 20 katika kila 100 kwenye pwani ya Kenya na karibu na Ziwa Viktoria, lakini hawakufika hata mmoja katika 100 kwenye nyanda za juu zilizo kati ya sehemu hizo mbili. Tofauti hiyo haikufuata lugha wala kabila. Basi akajiuliza: ikiwa watoto waliorithi pande zote mbili hufa wakiwa wadogo kabla ya kupata watoto wao, kwa nini jeni hii haijatoweka? Na kwa nini imebaki nyingi mahali pa joto na mbu, na haba mahali pa baridi? Jibu lililomjia ni kwamba huenda wale waliorithi upande mmoja wanaistahimili malaria kuliko wenzao.

Ilimbidi amalize kwanza masomo ya udaktari. Mwaka 1953 akarudi kulipima wazo lake. Huko Uganda alipima damu za watoto 290. Kati yao 43 walikuwa na jeni ya selimundu upande mmoja, na vimelea vya malaria vilionekana kwa 12 tu, yaani kama 28 katika 100. Waliosalia 247 hawakuwa na jeni hiyo, na kati yao 113 walikutwa na vimelea, yaani kama 46 katika 100. Kisha, kwa kuchunguza damu za karibu watu 5,000 wa Kenya, Uganda na Tanganyika, alithibitisha kwamba kadiri malaria inavyozidi mahali ndivyo jeni hiyo inavyozidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1954.

Hapa mhakiki hana budi kusema jambo ambalo vitabu vingi hulipita kimya. Sehemu ya ushahidi wa mwaka 1954 ilitokana na majaribio yaliyofanyiwa wanaume 30 wa Kijaluo mjini Nairobi, 15 wenye jeni hiyo na 15 wasiokuwa nayo, ambao walitiwa malaria kwa makusudi. Kati ya wale wasiokuwa na jeni 14 waliugua. Kati ya wenye jeni, wawili tu. Watu hao waliitwa watu wa kujitolea. Lakini Kenya wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa kikoloni na hali ya hatari, na maneno “kujitolea” na “hiari” yana maana yake kamili pale tu ambapo mtu anaweza kukataa bila hofu. Jaribio la namna hiyo, katika mazingira yale, lisingekubalika leo. Hatulisemi hili ili kuufuta ugunduzi, ila kwa kuwa tunajadili uaminifu wa maneno, na hilo nalo ni neno.

Uzito wa kazi yake

Si wote walioukubali ugunduzi huo mara moja. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani walirudia jaribio kama lile la Nairobi wasione tofauti. Lakini ushahidi uliofuata ulizidi kumpa haki Allison. Mwaka 1956 na 1957 Vernon Ingram alionyesha kwamba himoglobini ya selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu, ile ya sita katika mnyororo wenye asidi amino 146. Na mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, waliowafuatilia watoto kwa muda mrefu, walitoa hesabu iliyo wazi zaidi: jeni ya upande mmoja hupunguza malaria ya kawaida kwa kiasi cha nusu, hupunguza kulazwa hospitali kwa malaria kwa robo tatu, na hupunguza malaria kali kabisa kwa karibu sehemu tisa katika kumi.

Allison mwenyewe hakuishia hapo. Aliendelea kutafiti himoglobini na vimeng'enya vya damu, akafanya kazi London, na mwishoni mwa miaka ya 1970 akaja Nairobi kuiongoza maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo. Baadaye huko Marekani, yeye na mkewe, Elsie Eugui, waliongoza kazi iliyozaa maikofenolati, dawa inayosaidia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa, ambayo iliidhinishwa huko mwaka 1995. Hata hivyo, jina lake hutajwa zaidi kwa kazi ya ujana wake, maana huo ulikuwa mfano wa kwanza ulio wazi wa uteuzi wa asili katika binadamu ambapo kilichosababisha uteuzi huo kilijulikana. Karibu kila kitabu cha elimu ya urithi kinautaja.

Kiini cha ugunduzi, basi, ni hiki: jeni ile ile, ikirithiwa pande mbili huua, ikirithiwa upande mmoja huokoa. Sasa na tuziite istilahi zetu moja moja.

Selimundu

Neno hili linastahili sifa. Limeunganisha “seli”, ambalo Kiswahili kimelipokea kwa sababu “chembe” hubeba maana ya kitu chochote kidogo, na “mundu”, chombo anachokijua kila mkulima aliyepata kuvuna mpunga au kukata majani. Anayelisikia huiona sura ya kitu kabla ya kuelezwa. “Sikoseli”, linalosikika sana midomoni mwa watu, halina uwezo huo, maana ni sauti za Kiingereza tu zilizovikwa irabu. Halina ubaya, na hatushauri watu wakatazwe kulitumia, lakini kwa maandishi “selimundu” limeshinda kwa haki.

Upungufu wake ni mmoja. Tunapolitumia peke yake hatujui linataja nini: ugonjwa, jeni, au chembe yenyewe iliyopinda? Anayesema “mtu huyu ana selimundu” anaweza kukusudia mgonjwa wa kulazwa, au mtu mzima asiyeumwa hata kidole. Hapo ndipo ilipohitajika istilahi ya pili, na hapo ndipo tulipojikwaa.

Mbebaji

“Mbebaji” ni tafsiri ya moja kwa moja ya neno la kigeni. Kisarufi halina dosari. Lakini katika Kiswahili anayebeba hubeba mzigo, na mzigo unaweza kutuliwa. Zaidi ya hayo, elimu ya afya imekwisha kulitumia neno hilo kwa mtu mwenye vimelea asiyeumwa lakini anayeweza kuwaambukiza wengine. Kwa hiyo mama wa kliniki hakukosea hata kidogo. Aliyeambiwa kwamba ni mbebaji wa ugonjwa hana budi kuuliza anaubeba wapi, atautua lini, na anampa nani.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. “Mbebaji wa ugonjwa” hutaja ugonjwa peke yake. Allison alitumia miaka kadhaa kuonyesha kwamba mtu huyu si mgonjwa nusu wala chombo cha kusafirishia maradhi, bali ni mtu ambaye hali yake ndiyo iliyowawezesha wengi wa wazee wake kunusurika utotoni. Istilahi yetu imeufuta uso huo. Imebaki na lawama, na lawama hiyo katika nyumba zetu aghalabu humwangukia mwanamke.

Wapo wanaosema “mwenye tabia ya selimundu”. Hilo nalo tunalikataa, maana tabia kwa Waswahili ni mwenendo, na mwenendo mtu huulizwa. Wengine husema “mwenye vinasaba vya selimundu”. Neno “vinasaba” ni zuri na lina mizizi mirefu, lakini limechanganywa: mara hutumika kwa jeni, mara kwa asidi inayozibeba jeni hizo, na kwa umma limekwisha kuwa neno la kesi za baba na mtoto. Tena halisemi kama urithi ni wa upande mmoja au miwili, na hilo ndilo la kwanza analopaswa kujua mzazi.

Pendekezo letu ni kurudi katika lugha ya ukoo, ambayo tayari inavyo vyombo vya kazi hii. Mswahili hujua kuumeni na kukeni, upande wa baba na upande wa mama. Aliyepata jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja aitwe “mrithi wa upande mmoja”. Aliyeipata kutoka kwa wote wawili aitwe “mrithi wa pande mbili”. Mrithi hakuchagua alichorithi, wala hawezi kumwambukiza mtu urithi wake. Na hesabu ya uzazi inakuwa nyepesi kuieleza: warithi wawili wa upande mmoja wakioana, katika kila mimba ipo nafasi moja kati ya nne ya mrithi wa pande mbili, nafasi mbili za mrithi wa upande mmoja, na nafasi moja ya mtoto asiyerithi jeni hiyo kabisa. Hata yule baba aliyesema “kwetu hakuna ugonjwa huo” angeweza kujibiwa kwa utulivu: yamkini hakuna mgonjwa kwenu, lakini warithi wa upande mmoja wapo, nawe ni mmoja wao.

Jeni dhaifu, jeni fiche

Katika maandishi ya elimu ya urithi jeni hugawanywa kuwa “tawala” na “dhaifu”, na wengine badala ya “dhaifu” husema “fiche”. Jeni ya selimundu huwekwa katika kundi hili la pili, kwa kuwa ugonjwa hautokei mpaka zikutane mbili. Lakini tuitazame kwa macho ya Allison. Je, jeni inayopunguza vifo vya malaria hata ikiwa moja, inaitwaje dhaifu? Na tuitazame kwa macho ya Pauling. Ikiwa himoglobini ya aina zote mbili huonekana katika damu ya mrithi wa upande mmoja, imejificha wapi?

Ukweli ni kwamba kinachohitaji jeni mbili ni ugonjwa. Himoglobini ya mundu haihitaji mbili, wala ustahimilivu wa malaria hauhitaji mbili. Sifa ya kutawala au kutotawala ni ya dalili inayotazamwa, haiwi ya jeni yenyewe katika mambo yake yote. Kwa hiyo tunashauri tuseme “ugonjwa wa jeni mbili” pale tunapouzungumzia ugonjwa, na “dhaifu” liachwe kabisa. Mwanafunzi akifundishwa kwamba ana jeni dhaifu, atadhani yeye ndiye dhaifu.

Kinga

Baada ya kudai kwamba istilahi zetu zimeuficha uso mzuri wa ugunduzi huu, inatupasa kuonya juu ya neno linaloutia chumvi uso huo. Mara nyingi husemwa kwamba wenye selimundu “wana kinga ya malaria”. Kinga kwa Mswahili ni kitu kinachozuia. Mwenye mwavuli mzuri halowi. Hesabu za Uganda na za Kilifi hazikusema hivyo: mrithi wa upande mmoja hupata vimelea, na huweza kuugua, ila mara chache kuliko wenzake na kwa ukali mdogo.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika maneno “wenye selimundu”. Mtoto aliyerithi pande mbili akipata malaria huwa hatarini zaidi ya wengine kupoteza maisha. Huyo ndiye anayehitaji chandarua na dawa za kujikinga kuliko mtoto yeyote kijijini. Mzazi akiambiwa kwa jumla kwamba selimundu ni kinga ya malaria, naye akaacha kumlaza mwanawe ndani ya chandarua, istilahi itakuwa imeua. Kwa sababu hiyo tunapendekeza neno “ustahimilivu” litumike mahali pa “kinga”, na daima litajwe pamoja na mwenyewe: ustahimilivu wa mrithi wa upande mmoja.

Hoja za kupinga

Tunajua yatakayosemwa. Itasemwa kwanza kwamba “mbebaji” limekwisha kuenea. Limeenea, lakini katika vipeperushi zaidi kuliko katika vinywa. Kliniki nyingi watu husema AS na SS, ishara kwamba neno lenyewe halijawatosheleza. Itasemwa pili kwamba “mrithi wa upande mmoja” ni refu. Ni kweli, lakini lile fupi lilihitaji robo saa ya maelezo baada yake.

Hoja ya tatu ni nzito, nayo tunaikubali. Yupo mtu aliyerithi jeni ya selimundu upande mmoja, na upande wa pili akarithi hitilafu nyingine ya himoglobini, kama ile iitwayo C inayopatikana sana Afrika ya Magharibi. Mtu huyo huugua, ingawa kwa hesabu yetu ni mrithi wa upande mmoja. Kwake tunapendekeza “mrithi mseto”, lakini hatudai kwamba jambo hili limekwisha. Wataalamu wa damu watusaidie.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuihakiki istilahi ni kuirudisha kwa mgunduzi na kuuliza kama angelitambua jambo lake ndani yake. Allison angeitambua damu yake katika “selimundu”. Sidhani kama angewatambua watoto wa Uganda katika “wabebaji wa ugonjwa”.

Maneno tuliyoyaleta hapa, yaani mrithi wa upande mmoja, mrithi wa pande mbili, mrithi mseto, ugonjwa wa jeni mbili na ustahimilivu, si uamuzi wa Baraza. Ni rasimu ya afisa mmoja. Tunawaomba waganga, wauguzi, walimu wa sayansi na hasa wazazi wayajaribu katika mazungumzo yao na kutuandikia yalipofaa na yalipokwama. Akina mama wanaouliza kama wawaachishe ziwa watoto wao bado wapo, na inafaa jibu letu liwafikie mapema.